Wale Wajapani wa ngoma kubwa: mbona hawataki maiki, na ni utamaduni wa kale kweli au shoo tu?

Mfunga_Jukwaa (Maskati):
Wakuu salaam aleikum. Mimi nafunga majukwaa huku Maskati, mataa, mapazia, spika, vyuma, yaani chochote unachokikuta kimesimama ukiingia ukumbini ujue sisi ndo tumekisimamisha. Sasa juzi kati kulikuwa na sherehe kubwa, ile ya zulia linaanzia barabarani, mabalozi, wakubwa wa serikali, ulinzi mpaka mlango wa choo, na kwenye burudani wakaletwa Wajapani wa taiko, zile ngoma zao. Jina la sherehe sitaji wala la kampuni, ugali wangu uko humo humo.

Kilichonileta hapa kilianza mchana kabla ya shoo. Ngoma yao kubwa ilikuja kwenye sanduku la mbao, tukawa watu wanane kuibeba maana forklifti ilikatazwa kupanda stejini. Tulipoiweka tu kijana mmoja wa kwao akatoa kitambaa akaanza kuifuta, msumari mmoja mmoja. Mwenzetu kachoka zake akaegesha chupa ya maji juu ya ngozi ya ngoma nyingine, dada mmoja wa Kijapani akaja mbio, akaiondoa kwa mikono miwili akamrudishia huku kainama na tabasamu juu, lakini pale kila mtu alielewa jamaa kagombezwa. Alafu wakaomba kiyoyozi kiwashwe tangu mchana, kiwe vilevile kitakavyokuwa usiku. Fundi sauti wetu alishaandaa maiki ya kila ngoma, wakamwambia hapana, tundika chache tu huko juu zinatosha. Akanung'unika huyo, ukumbi wote ule!

Usiku wakapiga kama dakika ishirini hivi. Niliisikia tumboni kabla ya masikioni, na glasi za meza za mbele zilikuwa zinalia zenyewe. Ila kwenye ile kubwa mpigaji akasimama kawapa mgongo ukumbi mzima, mgeni rasmi na yeye akapewa mgongo! Bwana wa itifaki aliyekuwa karibu yangu akashika kichwa.

Na kitu kingine kiliniuma. Kikundi cha lewa cha hapahapa, zumari na chapuo na maneno ya Kiswahili mle ndani ya nyimbo, kiliwekwa nje getini wageni wanaposhuka magari, kwenye joto, watu wanapita wanaangalia simu. Sasa wanaojua wanieleze, hii taiko ni ibada au ni nini, ule mgongo una maana gani, ngoma kubwa vile inavukaje mipaka, na wenzetu hawa wamefanyaje mpaka wao wanaandaliwa ukumbi na sisi getini?

---

dada_wa_Ishikawa:
Kaka umenigusa, nilisoma Kanazawa miaka kadhaa na nilikuwa naenda kujifunza kwenye kikundi cha mtaani, kwahiyo nikianza sinyamazi.

Ngoma yenyewe ni ya kale kweli, ipo kwenye mahekalu na kwenye sherehe za vijiji vyao toka enzi na enzi. Mji wa jirani na nilipokuwa, Hakusan, kuna karakana ya Asano inayotengeneza ngoma toka 1609. Ila kile ulichokiona wewe, watu kumi na kitu wamejipanga na ngoma za saizi tofauti wanapiga kwa pamoja jukwaani, hicho ni kichanga. Anayetajwa kukianzisha ni Daihachi Oguchi wa mkoa wa Nagano, mwaka 1951, na yule bwana alikuwa mpiga dramu wa jazi! Aliletewa karatasi za zamani za mapigo ya hekalu la Suwa, kuzisoma haziwezi, akamtafuta mzee mmoja akamfafanulia, akaona mbona yametulia sana, akaamua kugawa: ngoma kubwa ishike mwendo, ndogo ile kali ishike kidakidaki cha haraka, za kati zizungumze. Yaani alichukua dramu seti moja akawagawia watu. Mwaka 1964 Olimpiki ya Tokyo dunia ikaanza kuwasikia, na Olimpiki ya baridi ya Nagano 1998 mzee bado alikuwepo akiongoza ngoma kwenye kufunga.

Kuhusu mgongo: bwana wa itifaki angepumua tu, si dharau. Ile kubwa inalazwa kwenye kiguzo cha mbao, ngozi moja inatazama watu nyingine inatazama nyuma, na mpigaji akisimama uso kwa uso na ngozi inabidi awape watu mgongo. Anayetajwa kuuleta ule mkao jukwaani ni Eitetsu Hayashi, huyohuyo aliyepiga peke yake na okestra pale Carnegie Hall, New York, mwaka 1984. Ukitaka kujua kazi inafanyika wapi angalia mgongo, mikono haimalizi ngoma ile, inapigwa kwa nyonga na visigino. Mimi nilipewa dakika moja tu nikashindwa kushika simu jioni yake.

---

Mchambuzi_Huru:
Kwahiyo dada unakiri kwamba ni kitu cha 1951. Tunauziwa "utamaduni wa maelfu ya miaka" na vitambaa vya kiunoni na vilemba vya kichwani kumbe ni mdogo kuliko babu yangu. Hayo ni maigizo ya kupendeza wazungu basi, tuache kujidanganya

---

dada_wa_Ishikawa:
Mchambuzi mimi sijakiri, nimesema, ni tofauti hiyo 😂

Ila kuhusu wageni kuichonga hii sanaa uko sahihi kuliko unavyodhani. Mwaka 1969 kuna bwana anaitwa Den Tagayasu alikusanya vijana, wakaenda kuishi kisiwa cha Sado, baridi ya kufa mtu, wakawa wanakimbia na kupiga ngoma, kukimbia na kupiga ngoma, wakaitwa Ondekoza. Kutoka kwao mbele ya dunia ilikuwa marathoni ya Boston 1975. Walikimbia marathoni yote, kilomita 42, walipovuka mstari wa kumalizia wakaendea ngoma moja kwa moja wakaanza kupiga. Hebu fikiria mtu wa pembeni aliyekuja kushangilia wakimbiaji. Mwaka uliofuata wakapiga na okestra ya Boston Symphony chini ya Seiji Ozawa.

Na kile kivazi cha kitambaa kiunoni ambacho kila mtu anadhani ni cha tangu Adamu? Inasimuliwa walipokuwa Paris, Pierre Cardin, ndio huyohuyo wa manguo, ndiye aliyewashauri wavue wabaki na kile tu. Kwahiyo kaka Mfunga waliokuja kwenu hata kama walivaa suruali hawajavunja mila yoyote, mavazi yao yamekuwa yakibadilika kufuata ukumbi toka siku ya kwanza.

1981 wakagombana na kiongozi, yeye akaondoka na jina na ngoma, waliobaki Sado wakaanza upya wakajiita Kodo, wakazinduliwa kwenye tamasha la Berlin mwaka huohuo. Yaani hata nyumbani walikuwa hawajapiga kwa jina hilo, wakaanzia ugenini. Sasa hivi wameshapita nchi zaidi ya 50. Kwahiyo kuuliza ni ya kale au ya shoo naona swali halikamatiki, pigo limetoka hekaluni, mpangilio umetoka kwenye jazi, heshima imetoka ughaibuni ikarudi nyumbani, na Wajapani wenyewe wakaanza kujiunga na vikundi mitaani baada ya hapo. Mwalimu wangu alikuwa mfanyakazi wa posta mstaafu.

---

Muvugangoma_QC:
Amahoro ndugu zangu. Mimi ni mtoto wa Buyenzi, Bujumbura, sasa niko Kanada, mtanisamehe Kiswahili changu cha huko kwetu.

Nimesoma hii habari ya mgongo nikacheka sana. Kwetu ngoma ilikuwa ya mwami mwenyewe, yaani mfalme, na Karyenda, ile ngoma takatifu, ilikuwa ndio ufalme, sasa umpe mwami mgongo? Watu wetu wanaingia na ngoma juu ya kichwa, ngoma mzima ya mti, na wanapiga huku wanatembea, mtu anabeba na kupiga wakati mmoja shingo imenyooka. Kisha wanaziweka chini nusu duara, moja inabaki katikati, ile inkiranya, ndiyo inaamuru zote, na wachezaji wanakuja mmoja mmoja wanaruka mbele yake. Maiki? Hatukuwa kuwahi kuiomba, na vikundi vyetu vilikuwa Ulaya zamani, pale Uingereza tamasha la kwanza la WOMAD 1982 Warundi walikuwa jukwaani. UNESCO imeandika ngoma yetu kwenye orodha ya urithi wa utamaduni mwaka 2014. Kwahiyo Mfunga usiseme sisi wote tuko getini.

Lakini nitasema pia kinachoniuma. 2017 ilitoka amri ya rais kwamba mwanamke hapigi ngoma ile, abaki kwenye ngoma za kuchezwa za akina mama, na ukitaka kikundi kwenye sherehe yako unalipa serikali faranga 500,000 kwanza. Dada zangu hapa Kanada wanapiga, kwetu hawawezi. Nilipoona Mfunga anasema dada wa Kijapani ndiye alikimbilia chupa, nikajua huyo ni mpigaji, siyo mtu wa kubeba maji.

---

dada_wa_Ishikawa:
Muvugangoma asante, hilo la wanawake hata huko Japani halikuja bure. Kwenye sherehe nyingi za hekalu mwanamke alikuwa hagusi ngoma, ni hivi vikundi vya jukwaani ndivyo vilivyofungua mlango, darasani kwetu wanaume tulikuwa tunawahesabu.

Na kuna kundi jingine lilisahauliwa kabisa, watu wa ngozi. Ngoma inasujudiwa lakini aliyemchuna ng'ombe na kuilainisha ngozi alionekana najisi, familia zao zilitengwa kwa karne, kuoana nao mwiko. Osaka, kata ya Naniwa ambako ngoma nyingi zilikuwa zinatengenezwa, vijana wa hapohapo walianzisha kikundi chao 1987 kwa sababu walikuwa wanatengeneza ngoma za watu wote na hawana wanayoipiga wao.

Kuhusu kiyoyozi sasa. Ngoma zile nzito zilizogongomewa misumari huwezi kuzikaza ukumbini. Ngozi imewambwa mara moja karakanani, wanaivuta kwa kamba na jeki pembeni, alafu mafundi wanapanda juu ya ngozi wanaruka, kabisa miguu pekupeku wanairukia ilegee ivutwe tena, mpaka fundi akisikia sauti anayoitaka ndo misumari inapigwa. Ikishatoka hapo ndo hivyo. Hewa ikiwa na unyevunyevu inalegea sauti inazama, ikikauka inakaza na kupanda. Nje kwenu Maskati jasho la baharini, ndani kiyoyozi kikavu, wakipiga bila kuiacha izoee watapiga shoo nzima sauti inakimbia. Zile ndogo kali ndo zina kamba au bolti, zinakazwa kwa spana dakika za mwisho, bila shaka uliwaona nyuma ya pazia wanazigonga wanasikiliza.

---

Mfunga_Jukwaa (Maskati):
Dada niliwaona aisee! Nikadhani zimeharibika, nikawakimbilia na boksi langu la spana, akanipungia mkono 😂😂

Bado lile la mipaka. Maana ile ngoma ilichelewa bandarini siku mbili na mbao ndio ilikuwa ugomvi, nilisikia wakibishana mbao mbao.

---

Wakala_Kilindini:
Hilo langu hilo yakhe. Mimi ni wakala wa forodha hapa Mombasa, mizigo ya wasanii nimeitoa mingi, na mbao ndio huwachoma wengi.

Ngoma hizi za kiasili huchongwa gogo moja zima, hakuna kuunga, na mti wao wanaousifu ni keyaki. Sasa keyaki la unene wa kutoa ngoma kubwa kumliko mtu halipatikani tena kirahisi, basi mafundi wakageukia mti wa kwetu Afrika, bubinga, watoka Kameruni, Gaboni, pande hizo. Kwahiyo ile ngoma ya Kijapani mliyoibeba watu wanane yawezekana imezaliwa Afrika, ikaenda Japani kuchongwa, ikarudi Maskati kupigwa. Bubinga ikavunwa mpaka ikatiwa kwenye orodha ya CITES, ule mkataba wa dunia wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, Januari 2017, na toka hapo ngoma kubwa yenye mti ule ikawa yataka kibali kuvuka mpaka, wanamuziki wa magitaa nao walilia kwa miti mingine ya jamii hiyo. Mwishoni mwa 2019 wakalegeza, chombo kilichokwisha kutengenezwa kikaondolewa. Lakini afisa wa forodha aliyesoma waraka wa 2017 asisome wa 2019 ndiye mutakayekutana naye saa nane usiku, ndio ulivyo mchezo. Dawa ni moja, beba karatasi zote mbili zimechapishwa, jina la mti kwa Kilatini, na picha ya ngoma.

Ongeza ngozi, watu wa mifugo wataka cheti kwamba imetibiwa. Ongeza sanduku lenyewe, mbao mbichi za sanduku zatakiwa zimepashwa moto na kupigwa muhuri, nimeona ngoma ya thamani imezuiliwa kwa sababu ya sanduku! Wakubwa wanaosafiri sana hutumia kane (carnet), daftari moja limeorodhesha kila kitu mpaka mikwiro, chaingia na chatoka vilevile bila kulipa ushuru, kwa zile nchi zilizojiunga. Kwengine waweka dhamana.

---

Mchambuzi_Huru:
Sawa hayo ya forodha nimejifunza. Ila swali la mwisho la mleta mada mnalikwepa. Kwanini wao ukumbini sisi getini? Mimi nasema ni pesa na ubalozi, Japani inalipia, basi. Lewa ingekuwa na ubalozi wa tajiri nyuma ingekaa meza ya mbele

---

Muvugangoma_QC:
Pesa ni kweli lakini si yote. Mimi nitasema kwa kifupi: wale wana nyumba. Kikundi chetu hapa tunafanya mazoezi chini ya kanisa jumapili saa mbili, ngoma tunaazimana, mmoja akihama mji anaenda na ngoma yake, tunaanza upya.

---

dada_wa_Ishikawa:
Hapo Muvugangoma umegonga. Kodo wana kijiji chao Sado. Ukitaka kujiunga unaanza uanafunzi wa miaka miwili kwenye shule iliyofungwa wameigeuza bweni, unalima mpunga, unakimbia asubuhi, unachonga mikwiro yako mwenyewe na vijiti vyako vya kulia chakula, unajifunza kuimba na kucheza na hata kuandaa chai, na mwisho wa miaka miwili wengi hawachukuliwi. Mwaka 2012 wakamleta mwigizaji mkubwa wa kabuki, ile tamthilia ya jadi ya Kijapani, Bando Tamasaburo, awe mkurugenzi wa sanaa, mtu asiye mpiga ngoma kabisa, awafundishe jukwaa, kuingia, kutoka, kunyamaza. Alikaa mpaka 2016. Watu wa zamani walinuna lakini shoo zikabadilika.

Sasa kikundi kama hicho kikiitwa kwenye sherehe kinatuma barua: ukumbi, joto, urefu wa jukwaa, maiki ngapi, muda wa mazoezi ndani ya ukumbi. Mwandaaji akipata barua ya namna hiyo hathubutu kukuweka getini. Mchambuzi unaweza kusema ni pesa, ila barua haina gharama. Vikundi vyetu tunaulizwa "mnataka nini" tunajibu "usafiri na chakula tu bosi". Kwenye harusi Dar nimeshuhudia mpiga msondo kaambiwa ahamie nyuma ya jenereta akasema sawa.

---

Mchambuzi_Huru:
Nyuma ya jenereta 😂😂😂 hiyo nimeielewa. Bado nasema pesa ila na barua pia

---

Mfunga_Jukwaa (Maskati):
Asanteni sana wote. Sasa niwaeleze, mwezi ujao tuna shughuli nyingine, ndogo kuliko ile, na nimemsukumia meneja wetu habari ya lewa ipande ndani. Hajakataa, ameniuliza maswali mimi kama vile ndo mwenye kikundi: wataka maiki ngapi na wasimame wapi. Nimempigia mzee wao, yeye kasema "popote mwanangu". Dada, sitaki hiyo "popote" ifike kwa meneja, nisaidie.

---

dada_wa_Ishikawa:
Mwandikie hivi kaka. Zumari lisiwekewe maiki kabisa, lile linatoboa ukuta, ukiliwekea spika wageni watakimbia. Ngoma zitundikiwe mbili juu kama walivyofanya Wajapani. Nafasi iwe katikati ya ukumbi siyo stejini, lewa ni ya kuzunguka, wachezaji wanatembea duara kuwazunguka wapigaji, ukiwapandisha jukwaa la mita nne unawanyonga. Na waingie ukumbini mapema siku hiyo, ngozi zizoee kiyoyozi, muda huo uandikwe kwenye ratiba kabisa kwa saa.

---

Wakala_Kilindini:
Ongeza na moto yakhe. Wazee wa ngoma wataka kuzipasha ngozi kwa makuti kabla ya kupiga, na ukumbi wa namna hiyo dari nzima ina vitambuzi vya moshi, wakiwasha ndani king'ora kitalia mutolewe nje nyote na mgeni rasmi wenu. Waombee sehemu nje mlango wa nyuma, mtu mmoja asimame na ndoo ya mchanga, na mwambie mlinzi wa zamu jina la mzee kabisa asije akamfukuza akidhani apika.